Ushauri: Kambini nilihesabiwa kila jioni

BARUA

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 23, naandika kutoka Muheza. Nimerudi nyumbani miezi mitano iliyopita baada ya kumaliza mkataba wa miaka miwili wa kujitolea JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kambi moja ya mkoa wa Kigoma.

Nianze mbali kidogo, uniwie radhi. Mama alinizaa akiwa bado mwanafunzi, akaniacha kwa bibi mzaa mama. Darasa la pili nikapelekwa kwa mjomba Tanga mjini. Darasa la tano nikahamia kwa mama mkubwa Korogwe. Kidato cha kwanza nikarudi kwa mjomba, kidato cha tatu nikarudi kwa bibi. Sikuteswa, nisiseme uongo. Nilikula, nilivaa, ada na michango ililipwa. Ila kila nyumba nilikuwa "yule mtoto wa fulani". Siku moja kule Korogwe nilikwenda kwa rafiki yangu Ijumaa baada ya shule, nikalala huko mpaka Jumapili jioni. Njiani narudi miguu inatetemeka, najua leo nachapwa. Nikamkuta mama mkubwa uani anachambua mchele. Akaniambia, "Hebu niletee ule ungo mwingine." Basi. Hakuna aliyejua kwamba sikuwepo. Mama, utanishangaa, lakini mpaka leo naona bora ningechapwa.

JKT sikwenda kwa uzalendo. Nilipata divisheni four, nikakaa nyumbani miaka miwili, tangazo likatoka, nikaomba wilayani kama wenzangu. Wiki za kwanza nilijuta. Nywele zimenyolewa, filimbi saa kumi alfajiri, mchakamchaka, kwata, fatiki yaani kazi za mikono, doso yaani adhabu kwa kosa la mtu usiyemjua. Wiki ya tatu malaria ikanibana wakati wa fatiki, nikaenda kujilaza nyuma ya ghala nikapitiwa na usingizi. Jioni kombania, kikosi chetu, imepanga mistari, namba zinahesabiwa, moja haipo. Wakasimamishwa uwanjani wote mpaka saa tano usiku. Wengine wakatumwa na tochi mashamba ya michikichi, wengine ufukweni kuangalia kama nimezama ziwani. Waliponipata walikuwa na hasira, na afande alitoa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mimi nimebebwa mgongoni na msichana wa Mara ambaye hata jina lake nilikuwa silijui, nalia. Wakadhani ni homa. Nililia kwa sababu walinitafuta.

Tangu usiku ule nikawa mtu mwingine. Nilifanywa kiongozi wa hanga, yaani bweni letu, wasichana arobaini. Mimi niliyekuwa siwezi kujibu swali darasani, nikawa nasimama mbele ya watu nasikika mpaka mwisho wa uwanja. Nilifanya kazi kitalu cha michikichi, nikaachiwa miche niiangalie. Nilijua nikiugua nani atanifulia, na akiugua nani nitamfulia.

Sasa nimerudi. Nyumbani tuko bibi, mimi na wajukuu wawili. Saa kumi macho yako wazi. Nafagia uwanja gizani, bibi anauliza, "Unamfagilia nani usiku huu?" Natandika vitanda vya watoto kwa kukunja kona, wanalia. Bibi naye ananichosha: nikichelewa kurudi ananiwekea chakula na kukifunika kawa, hata nimwambie mara ngapi kwamba nimeshakula. Tuna kundi la WhatsApp la kombania yetu. Mwanzoni kila alfajiri mtu alikuwa anaita namba na sisi tunajibu. Siku hizi ni matangazo ya mikopo na rambirambi. Yule wa Mara amepata ajira jeshini, akatoka kwenye kundi bila kuaga.

Kuna mtu Tanga mjini anasema ana ndugu yake mkubwa jeshini, nimpe milioni 1.8 jina langu liingie JWTZ, Jeshi la Wananchi. Bibi, bila mimi kumwomba, amesema yuko tayari kuuza machungwa yake kwa walanguzi yakiwa bado maua, ili nipate hiyo fedha. Wakati huohuo mjomba ameleta posa ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mpole tu, na jeshi halichukui walioolewa. Umri nao, Oktoba natimiza 24.

Nifanye nini? Huku nje naishi kama mgeni kwa kila mtu. Kule ndiko nilikuwa nyumbani.

Aliyekuwa kuruta, Muheza

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama palepale: saa tano usiku, kombania nzima imesimama kwa sababu namba moja imekosekana. Mimi pia nimesimama hivyo. Ilikuwa Ruvu, mwaka 1986, kwa mujibu wa sheria, yaani kwa lazima baada ya masomo. Aliyekosekana kwetu alikuwa mtoto wa mkubwa mmoja, katoroka kwenda Mlandizi kununua maandazi. Tulimlaani hadi tukachoka. Katika miaka yote hii haijanipitia akilini kwamba anaweza kuwepo mtu wa kuwa upande ule mwingine, upande wa anayetafutwa, na jambo hilo likawa ndilo jema kubwa aliloonja maishani. Umenifunza kitu, ahsante.

Sasa tulitazame fundo lako. Kwa juu kuna mambo matatu: milioni 1.8, posa ya mwalimu, na Oktoba. Yote yana tarehe, yote yanakusukuma. Lakini naona chini yake kuna swali ambalo halina tarehe, nalo ni kama huku nje kuna mtu anayejua kwamba upo. Nadhani ukilichanganya hilo na yale matatu utaamua haraka, ukidhani unachagua kazi kumbe unatafuta kitu kingine.

Kwanza niseme usione haya kwa kuipenda kambi. JKT ilipoanzishwa Julai 10, 1963, vijana walitakiwa kulelewa, kuzalisha mali na kulinda nchi, na mpaka leo malezi ndiyo hutajwa kwanza. Wewe ulikwenda na miaka 21 ukalelewa. Wapo waliokataa malezi hayo kwa nguvu. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu mia nne. Walikuwa na hoja zao, posho ikiwemo. Ila nikiwafikiria leo baada ya kusoma barua yako, naona walikuwa watu ambao tayari walikuwa wamehesabiwa tangu utotoni, kijiji kizima kikiwataja kwa majina. Kupangwa mstari na kupewa namba kwao kulikuwa kushushwa. Kwako ilikuwa mara ya kwanza kuwemo kwenye hesabu.

Hapo ndipo njia yako na yangu zinapoachana pia. Sisi wa mujibu wa sheria kambi ilikuwa daraja. Nyuma sekondari, mbele chuo, na baada ya chuo kazi inakusubiri na barua ya kupangiwa kituo. Tulilia, tukaimba, tukavuka. Utaratibu ule ukasitishwa mwaka 1994, ukarudishwa 2013 kwa waliomaliza kidato cha sita, na hao pia hukaa miezi michache wakaendelea na safari zao. Ninyi wa kujitolea ndio mnakaa miaka miwili, halafu mnafika ng'ambo ya daraja mnakuta maji. Kwa hiyo unapojiona mgeni nyumbani, usikimbilie kusema una kasoro. Umeshuka kwenye gari lililokuwa linakwenda kasi, na mwili bado unakimbia. Miezi mitano si mingi. Kufagia saa kumi usiku kunachekesha kidogo, lakini sioni kama ni ugonjwa.

Swali langu la kwanza kwako: unalipenda jeshi, au unapenda kuhesabiwa?

Usinijibu haraka. Inawezekana ni yote mawili, na kama ni yote mawili basi jeshi ni njia halali ya kuitafuta. JWTZ yenyewe, baada ya maasi ya Januari 1964, ilijengwa upya kwa kuchukua vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, na wa JKT, hivyo anayetoka kambini akatamani gwanda la kudumu hajaota ndoto ya ajabu. Lakini itazame kazi ya uaskari kama kazi. Ni kuhamishwa. Leo Monduli, miaka mitatu baadaye Nachingwea, na huulizwi. Wewe uliyezungushwa Muheza, Tanga na Korogwe kabla hujafika miaka kumi na sita, hilo unalionaje? Unaweza kuniambia, "Mama, jeshini nikihamishwa nakuta kitanda kina jina langu," nami nitakaa kimya, maana ni kweli. Unaweza pia kugundua kwamba kulikuwa na hanga moja tu duniani, lenye wasichana arobaini wale, na kwamba hata ukiajiriwa kesho hutaingia tena katika hanga hilo. Dada yule wa Mara aliyekubeba ameajiriwa, naye ametoka kwenye kundi. Kwa nini alitoka? Umedhani amewasahau. Mimi ningeuliza kwanza. Anaweza kuwa kwenye mafunzo ambako simu haziruhusiwi, anaweza kuwa aliona aibu kubaki na habari njema katikati ya watu wanaosubiri. Una namba yake?

Nije kwa mtu wa Tanga mjini. Hapa nitasema wazi kidogo kuliko kwingine, kwa sababu kuna mzee na machungwa yake katikati. Fedha hiyo ina sura mbili tu. Ya kwanza, na ndiyo ya mara nyingi, ni utapeli: ndugu mkubwa hayupo, na siku utakayopeleka fedha ndiyo siku simu itaanza kutopatikana. JKT na JWTZ wanawaonya vijana kuhusu watu wa namna hii karibu kila msimu wa kuandikisha. Ya pili ni kwamba ndugu yupo kweli. Basi hapo ni rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamkamata anayetoa kama inavyomkamata anayepokea. Utaingia mahali unapopapenda ukiwa na siri ambayo mtu mwingine ameishika. Ukitaka kumtaja mtu huyo, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113. Kutaja au kutotaja ni juu yako, najua Muheza na Tanga si mbali na watu mnafahamiana.

Lakini kuna jambo limejificha ndani ya ofa hiyo, nalo si baya. Bibi. Wewe wa Muheza unajua kuliko mimi maana ya kuuza machungwa yakiwa maua. Mlanguzi anatembea shambani, anakadiria kwa jicho, anatoa bei ya kutupa, na msimu ukifika unamwangalia akijaza lori kwa mali iliyokuwa yako. Mzee hafanyi hivyo kwa mtu asiyemwona. Umeandika mstari mmoja tu kuhusu hilo, kisha ukaruka kwenda kwa mwalimu. Umeandika pia kuhusu kawa, na umeiandika kama kero. Mwanangu, yule mama anapofunika sahani hajali kama una njaa au umeshiba. Jua limezama, amehesabu walioingia ndani, mmoja bado. Sisemi kwamba hilo linatosha kuziba pengo la Korogwe. Halizibi, na bibi huyohuyo ndiye aliyekubali upelekwe kwa mjomba ukiwa na miaka minane. Una haki ya kuwa na donge juu ya hilo, na pengine ipo siku utamuuliza kwa nini. Nakuonyesha tu kilichomo ndani ya barua yako mwenyewe.

Upande wa ajira yenyewe, pole kwa nitakayosema, ingawa naamini unayajua. Kila JKT inapotangaza nafasi za kujitolea hueleza kwamba haitoi ajira na haiwatafutii vijana ajira, inatoa mafunzo ya kujitegemea. Maneno hayo yapo kwenye tangazo, na kila kuruta huyasoma akiamini yanamhusu mwenzake. Siwalaumu. Wapo waliobahatika mbele ya macho yenu. Hayati Rais Magufuli alipozindua ukuta wa migodi ya tanzanaiti Mirerani Aprili 2018, ule wa kilomita 24.5 uliojengwa kwa miezi michache, alitamka palepale kwamba vijana wa JKT walioujenga waajiriwe. Tangu hapo nani ashike sepeto kambini bila kuangalia kama kuna msafara wa rais unakuja? Matumaini ya aina hiyo ni matamu, lakini huwezi kuyapangia Oktoba.

Kinachopangika ni hiki. Nafasi za JWTZ hutangazwa hadharani, na cheti chako cha JKT ndicho tiketi yako. Soma sharti la umri kwenye tangazo lenyewe kila linapotoka, usitegemee la mwaka jana wala la mtu wa kijiweni. Omba, na ukikosa utakuwa umekosa bila kumfilisi mtu. Zipo pia kazi za ulinzi zinazowapokea waliopita kambini, ikiwemo kampuni ya ulinzi iliyo chini ya SUMAJKT, shirika la uchumi la JKT lenyewe. Utavaa sare, utapanga mstari, kuna watu wa lugha yako. Hatari yake nikuambie: lindo ni kazi ya upweke. Unaweza kukaa usiku kucha getini peke yako mbele ya jengo la watu wasiojua jina lako, na kwa mtu mwenye kidonda chako hilo linaweza kuuma kuliko Muheza. Kwa mwingine, mshahara mdogo wa uhakika na wenzake wawili wa zamu vinatosha kabisa.

Halafu kuna kitalu. Umekitaja kwa pumzi moja ukapita, nami ndicho kilichonifanya nikae sawa kitini. Uliachiwa miche uiangalie. Mahali ulipo, watu huotesha malimao na kubebesha machungwa juu yake, na anayejua kulea mche usife kiangazi ana cha kuuza. Sikuambii uache jeshi uende ukachimbe mashimo. Biashara ya miche huanza polepole, mvua ikikosea unalia, na mtaji wa viriba, mbolea na maji lazima utoke mahali. Ila linganisha: hata robo ya ile milioni 1.8, kama ipo kweli, ni viriba vingapi? Na vijana wangapi wa mtaani kwako wanaamka saa nne kwa sababu hakuna anayewaita saa kumi na mbili? Wewe unajua kuita. Hilo hukuwa nalo ulipoondoka.

Ya mwalimu nitayapitia kwa ufupi, maana wewe mwenyewe umeyapitia kwa ufupi. Mtu mzima umeniandikia barua ya kurasa tatu, na mchumba ukampa mstari mmoja na nusu: "mtu mpole tu". Hilo "tu" limesema. Labda ni mwema na utamzoea, labda unamtaka na unaogopa kusema kwa sababu gwanda litaondoka. Muulize mjomba kama posa inaweza kusubiri mpaka mwisho wa mwaka. Mwalimu akisema hawezi kusubiri miezi michache, utakuwa umejua jambo kuhusu yeye. Akisema atasubiri, pia. Na usikubali uolewe ili tu swali la jeshi lijifunge lenyewe, wala usimkatae kwa ajili ya nafasi ambayo bado haijatangazwa. Najua nimekuacha katikati. Katikati ndipo ulipo kweli.

Kuhusu kundi la kombania: mmoja wenu aliita namba kila alfajiri mpaka akachoka. Alikuwa nani? Na kama wewe, kiongozi wa hanga, ungeita mara moja kwa wiki, Jumapili jioni, wangejibu wangapi kati ya arobaini? Hata wakijibu saba, ni watu saba ambao watajua wiki hiyo hujazama ziwani.

Niandikie tena machungwa yakishaiva, unieleze yaliuzwa vipi na nani aliyauza. Na leo ukichelewa kurudi, hata kama umeshiba, funua kawa ukae ule mbele ya bibi.